Shingo ya Baba Mkwe

Mwaka 1952 Scolastika Mbuke aliishi na hofu moja: baba mkwe wake, mzee Bujiku, alikuwa akilala mchana.

Walikuwa wamehama Shinyanga kwenda Geita mwaka uliotangulia, kama nusu ya kijiji chao, kwa kuwa ng'ombe walikuwa wamezidi majani. Geita ardhi ilikuwepo, lakini ardhi yenyewe ilikuwa pori, na porini kulikuwa na mbung'o, nzi waletao malale, ugonjwa wa usingizi. Sasa mumewe, Ngassa, alikuwa amerudi Shinyanga kuwachukua ndugu waliobaki, akamwacha Mbuke na mzee na mtoto wao Pantaleo.

Mzee alianza kusinzia akiwa ameshika jembe. Kisha akasinzia na tonge la ugali mdomoni. Mbuke aliyaona hayo kwa mbali, kwa kuibia, maana mke wa mwana hamsogelei baba mkwe, sembuse kumgusa.

Na dresa, mhudumu wa dawa aliyepita kanisani, alikuwa amesema: ukipapasa nyuma ya shingo ya mtu ukakuta vinundu, hayo ni malale, usingoje.

Akamwendea jirani yake, Mageni.

"Dada, nisaidie kumpapasa mzee shingo."

"Mimi? Mume wangu akisikia napapasa wazee wa watu akanifukuza, utanioa wewe?" Mageni akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mngoje Ngassa."

"Akichelewa je?"

Mageni akaendelea kupepeta mtama.

Mbuke aliporudi, mzee alikuwa ameegemea ukuta, amelala, mdomo wazi. Akapiga ishara ya msalaba. Aliogopa laana, aliogopa kumkuta mzima akawa amemwaibisha bure; zaidi aliogopa kumkuta mgonjwa. Akapeleka vidole.

Vilikuwepo. Vilikuwa vinateleza chini ya ngozi kama kunde mbichi.

Mzee akafumbua macho. "Mama Pantaleo! Umenishika?"

"Nimekushika, baba. Nisamehe. Ni malale."

"Basi waite watu wanibebe," akasema mzee, "kabla sijalala tena."

Walimbeba kwa machela hadi kituo cha matibabu. Mungu alimjalia akapona, akarudi amekonda, na juu ya siku ile hakutamka neno.

Lakini hofu haikumtoka Mbuke. Mpaka uzeeni, mtoto au mjukuu akimpa shikamoo, kwanza alimpapasa shingo, taratibu, huku amebana pumzi. Ndipo akaitikia marahaba. Bwana ampe sasa pumziko lisilo na hofu.