Siku Niliyoridhia Henzirani

Mimi ni mtu ninayejulikana kwa kukunja uso, na wanaonifahamu watashangaa kusikia kwamba nimewahi kulala kifudifudi juu ya mkeka wa watu, shati limepandishwa hadi mabegani, mchana kweupe, mbele ya majirani zangu. Lakini kwa kuwa kisa hiki husimuliwa zaidi na wale ambao hawakuwapo (na kila msimulizi hutia chumvi yake), naona afadhali mkisikie kwa mwenye mgongo.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, nikiwa mwalimu na pia balozi wa nyumba kumi pale Chang'ombe, cheo ambacho kazi yake kubwa, kusema kweli, ilikuwa kusikiliza watu wakisemana. Jirani yangu Athumani, fundi mitambo wa karakana, alikuwa akioga uani upepo ukafungua mlango, na Bi Mwanaidi, muuza vitumbua, akauona mgongo wake umejaa mistari. Kabla jua halijazama mtaa ulikuwa umekwisha kuhukumu: mkewe, Bi Zuhura, humpiga, na kila Jumamosi hualika watu waje kushangilia. Wakanijia wakitaka nimwambie mwenye nyumba awatimue.

"Mie nimeona kwa macho yangu haya, Mwalimu!" alisema Bi Mwanaidi.

"Umeona nini?"

"Alama."

"Na mkono ulioziweka?"

"Huo... huo nimeambiwa."

"Basi kaa na ulichoambiwa. Mimi nitakwenda kuona."

Jumamosi ikafika. Nikawaweka majirani nyuma ya ua, nikawaonya mtu asiingie mpaka asikie filimbi yangu, ambayo niliivaa shingoni chini ya shati. Manyunyu yalikuwa yakianguka, yale mepesi yasiyolowesha mtu ila humfanya ahisi anatembea ndani ya pumzi ya mtu mwingine. Sebule ya Athumani ilikuwa na mapazia ya kanga, mwanga ukipita ndani yake ukawa wa rangi ya papai lililoiva, moshi wa udi umesimama hewani, na wageni wachache, watu wazima wa heshima zao, wameketi wakinywa chai ya tangawizi kana kwamba wanangoja maulidi.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Bi Zuhura, vikombe mkononi, uso umemshuka. Kisha akanitazama vizuri. "Kumbe na wewe umo?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema nimekuja kuchunguza. Lakini nikawaza kwamba nikisema hivyo watajifunga kama kobe, nami nitarudi nyumbani na uvumi uleule niliokuja nao.

"Marahaba," nikajibu. "Nimo."

Athumani akafurahi kama mtu aliyepata ndugu ugenini. "Watu hawatuelewi, Mwalimu. Mwingine hutulizwa na kahawa, mwingine na bao. Mie nikitoka karakanani kichwa kinavuma mashine zote, Zuhura akinipa fimbo zangu, dunia inanyamaza."

"Na ukichoka?"

"Nasema basi. Hapo hata kama mkono uko juu, hauniangukii."

Nilimwona akilala, nikamwona mkewe akipima henzirani, ile fimbo nyembamba ya kuchapia, kwa uangalifu wa mtu anayekata kitambaa cha gharama, na kila ilipotua Athumani alivuta pumzi ndefu, uso umelainika kama wa mtu anayesikia jina lake likiitwa kutoka mbali. Hakuna aliyecheka wala aliyeshangilia. Sijui nilikaa pale muda gani. Ilikuwa kama kuota huku nimefumbua macho.

Kisha ikawa zamu yangu. Desturi yao waliiazima kwenye ndoa: mgeni huulizwa mbele ya mashahidi wawili.

"Mwalimu, umeridhia?"

Nikanyamaza, nikitumaini ukimya utanivusha.

"Bibi harusi akinyamaza huhesabiwa ameridhia," alisema Bi Zuhura kwa upole. "Hapa kwetu, aliyenyamaza amekataa. Mpeni chai, apumzike."

Nilikwisha kuokoka, jamaa zangu! Ila kiburi cha usomi kikanipanda: mimi, nisiyekubali habari ya kuambiwa, nirudi na maumivu ya kusimuliwa?

"Nimeridhia," nikasema kwa sauti ya darasani.

Nikalala. Filimbi ikateleza kutoka shingoni hadi mbele ya midomo yangu, nami, nisije nikapiga ukelele wa aibu, nikaing'ata. Henzirani ikashuka. Sitaki kusema uongo: iliwaka kama pilipili, kisha nyuma ya ule moto kukaja utulivu mpana usio na jina, ambao bado naukumbuka, lakini pumzi yangu yote ilikuwa imekwisha kutoka kupitia ile filimbi, na ilitoka na mlio uliosikika, nadhani, mpaka Keko.

Wakaingia majirani wote, Bi Mwanaidi mbele na mwiko wake.

"Yarabi! Wamemteka balozi! Sema, Mwalimu, wamekulazimisha?"

Nikainua kichwa. Bi Zuhura alikuwa amesimama na henzirani mkononi. Alijua, nami nilijua, kwamba nikisema ndiyo, heshima yangu imepona na wao kesho wanafunga virago.

"Nimeomba mwenyewe," nikasema, bado niko mkekani. "Humu hapigwi asiyeomba. Kama kuomba ni kosa, anzeni kunitimua mimi."

Kisha mtu akacheka, na kicheko kikaenea hadi barabarani. Hakuna aliyewakumbuka tena Athumani na mkewe. Walikuwa na balozi wa kumsema. Wale wawili wakabaki nyumbani kwao. Mimi ubalozi sikuchaguliwa tena.

Jioni ile mke wangu alinikanda kwa maji ya chumvi.

"Iliuma?" aliuliza.

"Iliuma."

"Na uliomba wewe?"

"Niliomba."

"Basi usinililie mie."

Tangu hapo nimeapa: mtu akiniletea habari za mgongo wa jirani, namwuliza kama mwenye mgongo amelalamika. Akisema hapana, namkaribisha chai, tunazungumza habari za mvua.