Kofia Zilizolalia Kushoto

Muuguzi wa kliniki hii kanisumbua wiki nzima. "Bibi, andika, tutabandika ukutani, watu wasome wakisubiri." Mimi shule niliishia la tatu, mwandiko wangu utadhani kuku kapita. Haya, naandika. Atakayecheka aje ashike kalamu yeye.

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, ni fundi wa kofia: za wapishi, za wauguzi, za watoto wa shule. Yeye anashona, mimi napiga pasi na kuuza. Utepe wa kupimia anao, umening'inia msumarini tu. Kila kofia huijaribu kichwani mwake mwenyewe, anabana mkanda kwa pini mpaka ushike, ndipo anashona. Kichwa cha mteja kikiwa kikubwa, anaongeza vidole viwili. Mtaani wanamwita Kalibu, maana kichwa chake ndicho kipimo cha kila kofia. Miaka thelathini haikurudi kofia hata moja.

Mwaka jana zikaanza kurudi. Mpishi mmoja alisimama mlangoni, kofia imemlalia sikioni.

"Bibi, hii kofia au kifuniko cha sufuria?"

"Kichwa chako ndicho kimepinda," nikamjibu.

Alipoondoka nikamgeukia mdogo wangu. "Macho yamekwisha? Kushoto unabana mno."

"Dada, nimebana kama siku zote."

"Basi siku zote ulikuwa umelala."

Akarudi kwenye cherehani, mimi kwenye pasi.

Sisemi sikuona. Panja lake la kushoto, pale kati ya jicho na nywele, lilikuwa limeingia ndani, kidole kinatulia humo. Nikasema ni uzee, na mawazo tangu afiwe na mumewe. Nikamsugua mafuta, nikamwambia ale. Alikuwa anatafuna upande wa kulia tu, polepole, mpaka chakula kinapoa. Nikamwambia aache madaha.

Siku moja nilizipanga zile kofia zilizorudishwa, kumi na moja, nizifumue. Zote zimepinda mahali pale pale. Fundi aliyechoka hukosea huku, kesho akakosea kule. Nikachukua moja nikamvika. Ikamkaa sawasawa, kama ganda na yai lake. Kofia hazikuwa na kosa. Kalibu ndiyo iliyobadilika.

"Twende hospitali."

"Kwa ajili ya kofia?"

"Vaa viatu."

Daktari alimwekea vidole kwenye mapanja, akamwambia aume meno. Kulia kulituna. Kushoto kimya. Akatueleza kwamba mapanja huingia kwa sababu nyingi: uzee hula mafuta ya uso, mtu hukonda, huugua muda mrefu, hung'oka meno, na wengine wameumbwa hivyo. Lakini likiingia la upande mmoja, na hapo nyuma halikuwa hivyo, ni lazima mtu apimwe. Huenda misuli ya kutafunia inanyauka kwa kukosa nguvu ya mshipa wake wa fahamu. Picha ya kichwa ikaonyesha uvimbe mkubwa kama harage umeukalia mshipa huo.

"Tutautoa," akasema. "Hilo shimo siwezi kuahidi kama litajaa. Mngewahi ingekuwa rahisi zaidi."

Mdogo wangu hakunitazama. Afadhali angenitukana.

Alhamisi wanampasua. Jana alinikalisha kitini, akanizungushia mkanda kichwani, pini zimejaa mdomoni mwake.

"Kuanzia leo kalibu ni wewe, Dada. Kichwa chako kigumu, hakibonyei hicho."

Nikacheka, pini ikanichoma. Neno la kuomba radhi bado sijalisema. Nitalisema Alhamisi, kabla hawajamwingiza. Lazima niliseme.

Na wewe uliyekaa kwenye benchi hapo, usijifanye umemaliza kusoma. Weka vidole kwenye mapanja yako yote mawili, uume meno. Yametuna yote? Haya, mgeukie uliyekuja naye, mpime na yeye. Usione haya. Upande mmoja ukinyamaza, mwambie daktari hilo kwanza, kikohozi chako kitangoja.