Mama Miche na ua lisilotaka kubembelezwa

Saa saba mchana, jua linachoma mpaka mbwa wa jirani amejibanza chini ya mkokoteni, na Mama Miche anaponda matofali. Amechuchumaa uani na nyundo yake. Vipande anavimwaga kitaluni, pale ambapo muuza miche mwingine angeweka samadi.

"Hili halitaki kubembelezwa," anasema bila kuinua uso. "Ukilidekeza, linakufa."

Anazungumzia ua la porini, la manjano, linalochanua kiangazi wakati majani mengine yamekauka. Lilikuwa limejaa kwenye mteremko wa mawe nyuma ya mtaa. Mwaka jana tingatinga likausawazisha mteremko ili yajengwe maghala. Mama Miche alikimbilia huko na ndoo, akaokota mbegu alizowahi. Tangu hapo hajaliona ua hilo kwingine.

Mbegu ziliota. Kisha akaenda kumuuguza dada yake, kitalu akamwachia wifi yake, mwanamke mwenye huruma kupita kiasi.

"Nilimwambia asimwagilie. Akadhani nabania maji!"

Wifi aliona udongo umekauka, moyo ukamuuma. Akamwagilia asubuhi na jioni, akaongeza na samadi. Mama Miche aliporudi, miche ilikuwa imeoza mizizi.

"Nililia kama nimefiwa. Wifi naye akalia. Mume wangu akatuuliza, jamani, msiba wa nani?"

Iliyopona ni michache tu, iliyojiotea kwenye kifusi kando ya ukuta, ambako ndoo ya wifi haikufika. Kifusi kikamfundisha: mawe, jua la kutwa, maji yasiyotuama. Ndiyo maana leo anaponda matofali. Lakini miche hiyo isipotoa mbegu kiangazi hiki, ua limekwisha.

Mumewe hukiita kitalu hicho mume mwenza. Mama Miche anaendelea kuponda.

Wifi anapita na ndoo, anamwagilia miche mingine, kisha anasimama mbele ya kifusi. Mkono unamwasha.

"Wifi, hata tone?"

"Hata tone."

Wifi anainama. "Mbona hapa pana njano?"

Nyundo inaanguka. Kweli, tumba moja limeanza kufunguka. Mama Miche anacheka huku machozi yakimtoka.

Mbegu zikikomaa atazimwaga kwenye kokoto zilizozunguka maghala yale. "Walilifukuza kwao. Nitalirudisha mlangoni pao."

"Na mimi?" anauliza wifi.

"Wewe utabeba mbegu. Ndoo utaiacha nyumbani."