Mguu wa Riziki Ulisema Bado

Sijapoa. Tangu Jumamosi nasonga sima kwa hasira mpaka mwiko umevunjika, na anayetaka kunituliza apite mbali na jiko langu. Mwanangu, wewe unayetengeneza gari uani, simu umeiegemeza kwenye tofali ikuonyeshe video, hebu iweke kando. Nina neno nawe.

Iko siku moja, nikiwa mke mgeni hapa Gongoni, sijazoea hata kisima ni kipi, babu yenu aliniita nikamsaidie kutoa hewa kwenye breki. Alikuwa na pikapu ya kubebea chumvi, na chumvi ile ilikuwa ikikitafuna chuma kama mchwa. Bomba la breki lilitoboka, akafunga jipya. Sasa bomba likifunguliwa hewa huingia, na hewa ikikaa ndani ya mafuta ya breki, ukikanyaga ni kama unakanyaga godoro. Kuitoa kwataka watu wawili. Mmoja anakaa kwenye usukani, anakanyaga na kushikilia. Mwingine analala chini, analegeza nati ndogo pale gurudumuni, mafuta na hewa vinatoka kwa mpira hadi kwenye chupa, anakaza, ndipo wa juu anaachia. Wa juu nilikuwa mimi.

“Kanyaga! Shikilia! Nimesema shikilia, we mwanamke!”

Nikashikilia. Tukazunguka magurudumu yote. Akatoka chini, uso mweusi kwa grisi, akajipangusa na shati, akasema tumemaliza.

Nikamwambia, “Bado. Kanyagio lazama.”

Akacheka. “Mguu wa jembe huo. Utajua nini habari ya gari?”

Baba yake alikuwa pale pale akisuka makuti. Mzee yule hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo aliyatupa makuti chini.

“Aliyekanyaga ni nani?”

“Mke wangu. Lakini baba, mafuta yanatoka safi, hayana hata povu.”

“Sikukuuliza mafuta. Nakuuliza mguu. Wewe ulikuwa umelala mchangani unatazama chupa. Mguu uliokuwa juu ni wa huyu mtoto wa watu, naye akwambia bado. Unamcheka? Utawacheka na wale utakaowagonga?”

Mimi nikainamisha kichwa, nikaogopa nitaachwa nikiwa bado na hina mikononi. Mzee akaniita kwa jina. Akasema kuanzia leo, katika ua huu, anayekaa kwenye kanyagio ndiye anayetoa ruhusa. Asiposema limeshika, gari halitoki. Babu yenu alirudi chini amenuna, tukarudia, na gurudumu la nyuma upande wa mbali likatoa hewa kama chupa ya soda. Alibaki amenuna siku nzima, lakini maisha yake yote hakuwahi tena kunibishia mguu wangu.

Basi sheria hiyo ndiyo aliyokulia nayo mjukuu wangu Kahindi. Ameisikia tangu ananyonya. Na Jumamosi akaikanyaga mbele ya macho yangu.

Mkewe ni Riziki, na siku hiyo dada yake huyo Riziki alikuwa anaolewa kule Junju. Gari la Kahindi ni hili la siku hizi, lenye kisanduku cha ABS, kile kinachozuia magurudumu yasijifunge ukishika breki kwa ghafla. Asubuhi hiyo alibadilisha kitu kule gurudumuni, akasahau kopo la mafuta ya breki, lile la chini ya boneti, mpaka likakauka. Akalijaza, akamkalisha Riziki kwenye usukani, kanyaga, shikilia, achia, wakazunguka magurudumu yote. Chupa haina povu. Video aliyoitazama kwenye simu imesema ukiona hivyo umemaliza.

Riziki akasema, “Baba Neema, bado lazama.”

“Pampu mara mbili tatu.”

“Nikipampu linakaza. Nikilipumzisha lazama tena.”

“Basi nitakuwa napampu njiani. Shuka, nimeshachelewa mimi.”

Haya! Atakuwa anapampu njiani! Ng'ombe akiingia barabarani atamwambia subiri nipampu! Na aliyekuwa akimwambia bado ni mtu ambaye dada yake ndiye bibi arusi, mtu aliyekuwa na haraka kuliko sisi sote, naye bado alisema kweli. Kahindi hata hakumtazama.

Kina mama wa jirani walikuwa wameshajipakia, leso za sare, manukato mpaka barabarani. Nikafungua mlango.

“Shukeni!”

“Hawe, harusi itatupita!” Hawe ndiyo bibi kwetu.

“Iwapite! Kiti changu pia kimo humo na gauni nimelipiga pasi. Shukeni!”

Nikamwambia Kahindi apige simu kwa fundi wake wa Malindi, na sauti aifungulie sote tusikie. Fundi akauliza neno moja: kopo lilikauka? Kahindi akaguna. Fundi akasema basi hewa imeingia ndani ya kile kisanduku cha ABS, na hiyo haitoki kwa kukanyaga peke yake. Yataka mashine inayochomekwa kwenye gari, ikiamshe kisanduku kiiteme hewa, kisha mkanyage upya. Usiliwashe, akasema.

Wakaenda kwa matatu. Riziki alifika Junju dada yake ameshatoka kanisani. Kiapo hakukisikia. Amerudi hakusema neno baya, na hilo ndilo linalonichoma, maana mimi ningesema.

Jana fundi alikuja na mashine yake. Kisanduku kikanguruma, mpira ukatema povu mpaka Kahindi akajishika kiuno. Riziki alikuwa kwenye usukani, mtoto mapajani kwangu. Kahindi akaja dirishani, safari hii amevua kofia.

“Mama Neema, mguu wako wasemaje?”

Akakanyaga. Akashikilia, akatutazama wote, akamwacha mumewe asimame pale juani. Kisha akasema, “Sasa limeshika.”

Mwanangu, nakwambia bila kukupaka asali. Kopo la mafuta ya breki lisikauke ukifanya kazi hiyo. Likikauka na gari lina ABS, wacha uhodari wa nyumbani, mwite mwenye mashine. Kanyagio linalotaka mpaka upampu ni bovu, hata kama chupa yako ni safi kama maji ya mvua. Na uliyemwomba mguu wake, awe mke, awe mama, awe mtoto wa jirani, akikwambia bado, ni bado. Usimwite akusaidie kisha umzibe mdomo.

Mungu akubarikie mikono hiyo yenye grisi. Akupe masikio ya kuiongoza. Na kila utakayempakia, ashuke kwa miguu yake mwenyewe, mlangoni kwake, akiwa anacheka.