Kompyuta ya shule yetu iliyokataa kuzimika, nikaishtaki kuwa ni phonie ya waasi

Wakuu, salamu kutoka Lubumbashi. Haya yalinipata mimi mwenyewe. Chumvi nimetia, lakini haijazi kijiko.

Miaka ile ya vita nchi ilikuwa imekatika vipande, na uvumi ulikuwa unafika mapema kuliko mkate.

Mmoja ulisema hivi: kompyuta ukiifunga ikakataa kuzimika, ujue ina phonie ndani, ile redio ya mawasiliano ambayo wafanyabiashara wetu walitumia kuulizia mizigo ya mbali. Inapeleka habari kwa waasi.

Niliamini mzima mzima. Hata nikaongeza yangu: feni ikivuma sana, ujumbe ni mrefu.

Nilikuwa namaliza shule ya jioni ya informatique, mambo ya kompyuta. Directeur wetu, Papa Ilunga, alikuwa na kompyuta moja tu. Ndani yake kulikuwa na pointi za mtihani wetu wote, hakuna kopi, na printer ilishakufa.

Bila ile liste ya pointi, hakuna brevet, yaani cheti. Na mimi kazi ilikuwa inaningoja Luano, uwanja wa ndege. Walitaka brevet Jumatatu.

Sasa, tukaweka Windows mpya. Papa Ilunga akafunga mashine. Zamani ilikuwa inajizima yenyewe. Siku ile ikaandika kwa Kifaransa kwamba sasa unaweza kuizima, ikabaki inawaka, feni inavuma.

Mimi, mwanafunzi bora (nilijipa cheo mwenyewe), nikamnong'oneza habari ya phonie.

Wiki ile basoda, askari wa serikali, walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba wakitafuta phonie. Papa Ilunga akageuka rangi ya bukari, ugali wetu mweupe.

Tukachomoa waya. Ikazima. Nikamwambia haitoshi: saa yake hutembea hata bila courant ya umeme, nimeshaona kwa macho yangu, kwa hiyo ina betri ya siri.

Wakuu, nilikuwa msomi hatari.

“Mwanangu, beba hii kintu,” akasema. “Uitupe mu choo mbele ya basoda kufika.”

Nimefika nayo mlangoni pa choo ndipo nikakumbuka: pointi zangu zimo humu. Nikakaa chini, nikaikumbatia kama mtoto wa homa. Papa Ilunga anavuta upande huu, mimi upande ule.

Kelele zikamleta Mama Kavira, mama wa Butembo mwenye depo jirani, aliyekuwa akiuza kompyuta za mitumba. Tukamweleza. Alicheka mpaka kitenge kikalegea.

Akairudisha mezani, akachomeka waya. Akaingia kwenye mipangilio, Panneau de configuration, halafu ile ya umeme, Options d'alimentation, onglet APM, akatia alama kwenye kisanduku kimoja. Akafunga mashine.

Ikazima. Kimya kabisa.

Papa Ilunga akaiwasha tena papo hapo, akanakili liste yote kwa kalamu. Jumatatu nilikuwa Luano na brevet yangu.

Nilichojifunza: kabla hujaishtaki mashine kwa uhaini, fungua kwanza mipangilio ya umeme. Wenye mashine za zamani, andikeni hapa zilivyowatesa. Mkitaka kunicheka pia, nafasi ipo.

Ila siku ile sikuridhika. Nilimuuliza Mama Kavira kama phonie imetoka au imejificha tu.

“Papa, phonie haikukuwa mule,” akaniambia. “Carte-mère, ile ubao mukubwa wa ndani, iko ya zamani, Windows iko mupya. Windows ilikuwa inaiambia carte-mère izime mashine mu namna mupya, na yeye anajua tu namna ya zamani. Nimeiruhusu ya zamani. Ni ile tu.”