Griffins Asiyeuliza Njia

Griffins wa matairi, pale Busia upande wa Kenya, alikuwa mtu asiyeuliza njia. Kabla ya kupata duka alisukuma mkokoteni wa mahindi kuvuka mpaka, na siku zile aliuliza kila kitu, hata mahali pa kutema mate. Lakini tangu anunue lile gari lake la kijivu, pua ilimpanda juu, na kila aendaye kwa miguu akawa mshamba machoni pake. Mwanaume mzima wa miaka arobaini na ushei, hana mke, hana mtoto, na kiburi kimemfika kooni. Haijulikani alikuwa anamringia nani.

Hata hivyo alimpenda Acom, na hilo tumpe. Acom aliuza mitumba Malaba, mwanamke wa maneno machache, na baba yake, mzee Olupot wa Mella, ng'ambo upande wa Uganda, alikubali kuletewa wageni wa posa siku ya Jumamosi. Sharti la mzee lilikuwa jepesi.

"Wewe nakuja mpaka pale kwa mashine ya kusaga," alimwambia kwenye simu. "Mtu yetu nangoja hapo, naleta nyinyi nyumbani. Kama hapana ona yeye, uliza tu. Lakini kuja mapema. Mimi hapana peana mtoto kwa mtu napotea."

Griffins alikata simu huku akicheka kwa dharau. Aongozwe na mtu wa mashine, amjazie unga kwenye viti? Hapana. Angenunua kifaa cha kuonyesha njia, kile cha kubandika kwenye kioo cha mbele, maana ramani ya simu aliiona ni ya watu wa bodaboda, na laini yake ya Kenya hufa kila akivuka.

Dukani kwa Kevo, muuza vifaa vya magari, hakuna kilichomfaa. Kikubwa akakiita televisheni. Kingine kilikuwa kimefungwa kwa gundi, akauliza kama kimetolewa jalalani. Mwishowe akachagua cha bei ya chini kuliko vyote, bora kinaongea.

"Lakini boss, hiyo iko na ramani ya Kenya pekee," Kevo akasema. "Ya Uganda ni memori kadi ingine, inauzwa solo. Nikuwekee?"

Griffins akamtazama kama mwizi. "Kadi ya Uganda! Uganda si ndiyo ile pale, nakunywa chai huko kila asubuhi? Kadi yako kauzie watalii."

Na kwa kweli mtu wa Busia hunyolewa nchi hii na kununua sukari nchi ile. Kwake mpaka ni geti na foleni, si mwisho wa ardhi. Kwamba kidude cha plastiki kingeuheshimu mpaka kuliko yeye, hilo halikumjia akilini.

Jumamosi akaondoka na shangazi yake Nereah, aliyemlea, kapakata sukari na leso za kumpelekea mama mkwe. Hadi Malaba sauti ya kike ndani ya kifaa iliwaongoza bila kosa.

"Unaona, shangazi? Huyu hatoki jasho, haombi lifti."

"Wala salamu hajui," Nereah akajibu.

Walipovuka mpaka, picha ya gari kwenye kifaa ikabaki peke yake kwenye uwanja mtupu. Barabara hakuna, mji hakuna. Sauti ikawaambia, kwa Kiingereza cha puani, wageuke warudi. Griffins akakipiga kofi. Kikarudia vilevile.

Wakafika kwenye mashine ya kusaga huku yeye bado anabonyezabonyeza. Kando ya barabara alisimama mwanamke aliyevaa gomesi, lile gauni refu la Uganda, kajifunika kitambaa usoni kwa ajili ya vumbi, akipunga mikono yote miwili.

"Simama, huyo anatuita."

"Wa lifti hao, shangazi. Ukisimama anapanda na kuku wake." Akamtupia jicho mara moja tu, akapandisha kioo.

Wakaenda mpaka njia ikaishia kwenye mpunga. Wakarudi, wakapita tena mashine, na mwanamke akapunga tena, safari hii kwa mkono mmoja. Walipopita mara nyingine hakupunga. Aliwatazama tu. Nereah akachoka na ujinga ule, akafungua mlango gari likiwa bado linatambaa, akamwuliza bibi aliyekuwa akimenya karanga.

"Kwa Olupot? Si hapo nyuma ya mashine."

Chakula kilikuwa kimepoa na wazee wamesinzia. Olupot alisimama langoni, akimtazama mtu aliyekuja nyuma ya gari kwa miguu. Alikuwa yule mwanamke wa gomesi. Akavua kitambaa, na Griffins akashusha kioo nusu.

"Mimi niliambia baba mimi mwenyewe nangoja wewe," Acom akasema. "Wewe naniangalia, halafu nafunga kioo."

"Acom, sikujua ni wewe!"

"Ndiyo. Ulidhani ni mtu tu." Ndani ya gari ile sauti ya kike ikarudia kuwa wageuke warudi. Acom akamgeukia Nereah, akapiga magoti kumsalimu. "Shangazi, karibu. Chakula iko. Huyu narudi na mama yake wa kwenye kioo."

Nereah akashuka, akachukua sukari yake na leso zake, hakumtazama. Griffins akakishusha kioo chote haraka, akaanza kueleza habari za vumbi. Alikuwa bado anaeleza wakati Olupot anafunga lango.