Pareto ya mama iliyorudi yenyewe

Mama yangu amegawia akina mama wa kanisa gugu, na wanamshukuru.

Iko hivi. Hapa kwetu Chepseon, pale getini tulipomwaga murram, ule udongo mwekundu wa barabara, paliota miche yenye majani ya kukatikakatika. Mama akasema pareto, lile zao la maua ya dawa ya wadudu, imerudi. Amelima pareto miaka mingi, ndiyo ilinisomesha. Mimi ni nani nimbishie?

Akaimwagilia. Akaizungushia miiba kuku wasichakure.

Leo mchana nikamtumia rafiki yangu, afisa wa kilimo, picha niliyopiga jana. Akanipigia hapo hapo.

"Pareto haijileti na murram. Hilo ni gugu, linaitwa parthenium. Likiwa changa linafanana sana na pareto. Ling'oeni kabla ya maua, likimwaga mbegu hamtalimaliza."

Nikatoka mbio hadi getini.

Nikakuta mashimo.

Kumbe mama ameing'oa asubuhi, akaifunga kwa gazeti, akaenda nayo kanisani kuwagawia akina mama wenzake.

Nikampigia Mama Chebet, jirani yetu, nimwambie atupe yake. Sijafungua mdomo, ananiambia, "Mwambie mamako kongoi mising, asante sana. Yangu nimepanda mpaka katikati ya majani chai."

Katikati ya majani chai, jamani.

Mama amerudi akiimba. Nimemweleza yote. Ameniangalia vile huangalia watu wa mjini, akaniuliza kama huyo afisa amewahi kulima pareto.

Nyinyi mngemjibu nini?

Mimi nimepewa ndoo nikamwagilie ule mche mmoja aliobakisha wa mbegu.